Goti Lililobaki Nje ya Maji

Nakumbuka siku moja bahari ilitukimbia, mwanangu. Tulikwenda na gari la kukodi kutoka mjini mpaka Kiwengwa, nguo nyeupe, ngoma za kwaya, sufuria za pilau, na watu wa kubatizwa wamekaa viti vya mbele kama maharusi. Tulipofika ufukweni maji hayakuwepo. Kulikuwa na mchanga, na matope, na wanawake wa pale wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, na bahari yenyewe ilikuwa mstari mwembamba huko mbali kwenye mwamba. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, maana nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na sikujua kwamba siku ile itanikaa kifuani mpaka uzeeni.

Sikusimulii ili ucheke. Juzi ulikaa barazani kwangu hapa Mkunazini, ukakataa hata chai, ukaniambia maneno mawili. La kwanza ulisema, "Bibi, yale maji hayakunifanya kitu. Nimebatizwa Pasaka, na mimi ni yuleyule." Ukanieleza kwamba umerudi kwenye vinywaji na wenzako kule chuoni Tunguu, kwamba ulijizuia wiki chache tu ukachoka. Hilo lilinisikitisha, lakini halikunishtua. La pili ndilo lililonikata maini. Ulisema, "Nitarudi kanisani nikishakuwa sawa." Kisha ukainuka, ukaaga vizuri kama kijana aliyelelewa, ukaenda zako.

Nilitaka kukuita, sikukuita. Mimi ndiye niliyekusimamia siku ya ubatizo wako, wazazi wako wako bara, hapa kisiwani huna bibi mwingine ila mimi. Nilipaswa kukushika shati. Lakini maneno yale nilishayasikia zamani kwenye mlango huohuo uliotokea wewe, na aliyekwenda nayo hajarudi mpaka leo. Kwa hiyo nakurekodia sasa kwenye simu kile nilichoshindwa kusema juzi, na wewe nisikilize mpaka mwisho, hata kama huniamini.

Nilikuwa na kaka, Luka, aliyenitangulia kuzaliwa. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, tukalelewa na baba, fundi cherehani na mzee wa kanisa, pamoja na mama yake baba, Bibi Salome. Bibi huyo alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa huu alipokea yeye, Waislamu kwa Wakristo, na hata alipokuwa hawezi tena kutembea vizuri wanawake walikuja kumuuliza mambo yao kitandani kwake. Alikuwa mkali, mwenye maneno ya moja kwa moja, na hakumwogopa mtu mwenye kanzu wala mwenye kola.

Luka alikuwa na uso wa kucheka na ndimi za kila namna. Akawa papasi, wale vijana wanaowaandama watalii vichochoroni kuwapeleka hoteli na kuwauzia safari. Huko ndiko alikojifunza unga. Sina haja ya kukueleza unga ni nini, umewaona wenyewe wamekaa wanasinzia kwenye kuta mchana kweupe. Nyumba yetu ikaanza kupungua vitu, na kaka yangu akaanza kupungua mwenyewe. Baba aliomba, akafunga, akapiga, akalia. Alilia cherehani ikiendelea kuzunguka, akidhani hatusikii.

Kisha akaja mchungaji mpya kutoka mikoa ya kati kule bara, kijana, mwenye moyo safi, na sitamsema vibaya. Alikaa na Luka siku nyingi, akamfundisha. Alimweleza kwamba anayezama majini anazikwa pamoja na Bwana, na anayetoka anatoka na uzima mwingine, amezaliwa mara ya pili kwa maji na kwa Roho. Luka alisikiliza. Jioni moja alinifuata jikoni akaniambia, "Roda, nnataka kufa kule majini. Huyu mimi simtaki tena." Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo, na mimi niliamini. Baba naye aliamini. Sidhani kama kuna nyumba kisiwani hapa iliyowahi kuyatumaini maji kama yetu.

Sasa huyu mchungaji ndiye aliyepanga ubatizo Kiwengwa saa nne asubuhi, kwa sababu kulikuwa na waumini wetu wanaofanya kazi kwenye hoteli za kule, na hakutaka tufanye tamasha mjini mbele ya majirani. Alikotoka, maji yakiwepo asubuhi yapo na jioni. Hakujua kwamba wiki ile ilikuwa ya bamvua, bahari inajaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi, na saa nne bamvua ikiwepo huoni tone mpaka uende kwenye mwamba. Sisi wa kisiwani sote tulijua. Tulikuwa tumejaa kanisani alipotangaza, wazee, kina mama, wavuvi wawili watatu, tukatazamana, tukanyamaza. Mchungaji amesema, nani amkosoe mbele za watu? Tulidhani mwingine atamnong'oneza baadaye, na huyo mwingine naye alidhani vilevile. Adabu yetu hiyo, mwanangu, imetuponza mara nyingi.

Basi tukaanza kuifuata bahari kwa miguu. Mwanamke mmoja wa mwani aliinua kichwa, akamwona Bibi Salome amekaa mchangani na kanga zake mapajani, akamsalimia, "Shikamoo bibi. Hawa wanakwenda wapi na maguo meupe hayo? Maji mpaka alasiri."

"Marahaba, mwanangu. Wanakwenda kuzaliwa," Bibi akajibu.

"Basi Mungu awasahilishie," yule mwanamke akasema, akarudi kwenye kamba zake.

Bibi alibaki pale kwa ajili ya miguu yake. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwapokea waliobatizwa kwa kanga kavu, kama alivyopokea watoto maisha yake yote. Sisi wengine tukapita katikati ya vijiti vya mwani, tukiruka kamba, kwaya inaimba huku inateleza. Luka alikuwa anatetemeka kwenye jua kali. Alikuwa kwenye arosto, kama wenyewe wanavyoyaita maumivu ya kuukosa unga. Jasho linamtoka, meno yanagongana, na bado anakwenda. Njiani alikanyaga miba ya baharini, mguu ukaanza kutoka damu. Hakusimama. Nikimkumbuka siku ile namwona ndiye mtu jasiri kuliko wote tuliokuwa pale.

Tulipochoka kwenda mbele maji yalikuwa yamefika magotini. Mchungaji akasema yatosha. Aliwakalisha chini mmoja mmoja, akawalaza chali, akawazamisha. Zamu ya Luka, mwili wake mrefu haukuenea. Kichwa kilizama, kifua kilizama, lakini goti moja lilibaki juu, limeinuka kama mtu aliyelala kitandani. Mchungaji hakuliona, au aliliona akaona aibu. Alitamka maneno yote, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akamwinua. Luka akafumbua macho, akatazama mbingu, akasema, "Asante." Si kwa sauti kubwa. Nilikuwa karibu, nilimsikia.

Halafu tukarudi. Kwaya ilitangulia, na mimi nilikuwa kwayani, ngoma zinapigwa, kila mtu amefurahi na ana njaa. Mchungaji alizungukwa na watu. Luka alibaki nyuma peke yake na mguu wake wa damu, anatafuta njia kati ya kamba. Alipofika kwa Bibi sisi tulishaanza kula. Jua lilikuwa limemkausha njiani, nguo zimekakamaa kwa chumvi. Bibi alimvika kanga hivyohivyo, akamketisha, akamtoa miba mguuni, akamlisha kwa mkono wake. Alitutazama sote tuliokuwa tunakula pilau, akatikisa kichwa.

Mwezi wa kwanza Luka alikuwa johari yetu. Kila Jumapili alisimamishwa mbele atoe ushuhuda. Alisimulia wizi wake, uongo wake, watu wakapiga vigelegele na kumwaga machozi. Ibada ikiisha walimpa mkono wakaenda makwao. Hakuna aliyemwambia njoo ule kwetu Jumatatu. Hakuna aliyekaa naye jioni, saa ile mwili ulipokuwa unamdai. Baba alirudi kwenye cherehani yake akiwa na amani, akijua maji yamefanya kazi. Na vijana wa unga walikuwa palepale kwenye kona, hatua chache kutoka mlangoni, na wao walimkaribisha kila siku.

Alianguka. Ulidhani nitakuambia nini? Alianguka, na kanisani habari zikaenea, na sasa nikuambie upuuzi uliotutoka, maana ndipo niliposikia maneno yaliyonifundisha ubatizo kuliko mahubiri yote. Mama mmoja wa kwaya alikumbuka lile goti. Goti halikuzama! Basi neno likapita nyumba kwa nyumba, likamfikia baba, na baba kwa uchungu wake akalidaka. Akamwita mchungaji nyumbani, akamwomba amrudishe Luka majini, safari hii bahari imejaa, azame mzima. Yule kijana maskini alijua si sawa, lakini alikuwa anamheshimu baba, akasema labda.

Bibi Salome alikuwa kitandani chumba cha pili, mlango wazi. Akaita, "Yohana!"

"Naam, mama."

"Nimepokea watoto waliotanguliza kichwa, nimepokea waliotanguliza miguu. Wewe mwenyewe ulitanguliza matako, ndiyo maana umekuwa hivyo. Nani kati yenu nilimrudisha tumboni azaliwe vizuri?"

Mchungaji alitazama viatu vyake.

"Mtoto huyu kazaliwa," Bibi akasema. "Mungu kampokea siku ile, goti halimzuii Mungu. Sie ndio hatukumpokea. Mtoto akishazaliwa mama na mwana wanakaa ndani mpaka arubaini, wanakandwa, wanalishwa uji, hawaachwi peke yao hata usiku. Huyu mmemzaa asubuhi, mchana mnamsimamisha awahutubie watu. Kichanga gani kinachohutubia? Mnamlaumu kwa kuanguka, nanyi hamkumfundisha hata kukaa!"

Hayo ndiyo maneno. Laiti yangeshinda. Natamani sana nikuambie kwamba baba aliinuka akabadilika, na kaka yangu akapona, na leo anaimba besi kwenye kwaya. Lakini nilijiahidi kutokudanganya wewe wala mtu yeyote juu ya jambo hili. Baba alimheshimu mama yake, akasema ndiyo mama, na moyoni alibaki na goti lake. Alipanga siku ya kurudia, bahari ikijaa. Alishona hata kanzu mpya nyeupe, ndefu.

Asubuhi ya siku hiyo Luka hakuwepo nyumbani. Alikuja jua limeshapanda, ameegemea ukuta, macho yamezama, ulimi mzito. Baba alisimama mlangoni na ile kanzu mkononi. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya baba, na nilimwona kaka yangu kupitia chini ya mkono wake.

"Baba," Luka akasema, "nshajaribu. Wallahi nshajaribu."

Baba hakupiga kelele. Angepiga kelele labda ingekuwa nafuu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayempa mteja siku ya kuja kuchukua suruali, "Usikanyage humu ndani mpaka uwe mtu mpya."

Luka alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Akaenda. Nyuma yetu Bibi alikuwa anajikokota kutoka kitandani, ameshika ukuta, anaita, "Mzuieni! Mzuieni mtoto!" Alipofika mlangoni kichochoro kilikuwa kitupu. Alikaa chini palepale kizingitini akalia kwa sauti, na majirani wakatoka wakidhani kuna msiba. Na msiba ulikuwepo.

Baba alimtafuta kuanzia siku ya pili. Alizunguka bandarini, akavuka Dar es Salaam, akalala kwenye mabenchi, akaonyesha picha. Kaka yangu alikuwa mtoto mkaidi tangu utotoni, baba alimwambia hivi akafanya vile. Amri hiyo moja tu ndiyo aliyoitii.

Miaka mingi baadaye, Bibi akiwa ameshazikwa, alikuja mtu hapa, jirani yetu wa zamani aliyekuwa akifanya biashara Dar. Alikutana na Luka sokoni huko, amekonda, amezeeka kabla ya wakati, lakini alimtambua kwa ule uso wa kucheka. Alimwambia, twende nyumbani, baba yako anakutafuta, nauli nitalipa mimi. Luka alikataa kwa upole. Akampa salamu za kutuletea, maneno matatu tu. "Mwambieni Baba, bado."

Bado! Baba aliposikia aliweka mkasi mezani, na sikumwona akiushika tena. Aliishi kidogo baada ya hapo. Katika ugonjwa wake wa mwisho, kila mtu aliyepiga hodi, awe muuza samaki, awe mtoto wa jirani, baba aliinua kichwa kwenye mto akaniuliza, "Ni Luka?" Nami nikasema, si yeye, baba. Alikufa akiuliza. Nilikwenda tena na tena kumtafuta kaka yangu kwenye soko lile, sikumpata. Kama yuko hai, sijui. Kama amekufa, sijui amezikwa wapi na nani, na kama kuna aliyejua kwamba yule mtu aliwahi kubatizwa na akasema asante.

Naomba kila siku. Nakwambia kweli, siku nyingi naomba na hakuna kitu, maneno yananitoka makavu, naona naongea na dari. Nimesoma na kufundisha habari za kuzaliwa mara ya pili miaka yote hii, na sijaweza kulitoa lile neno bado masikioni mwangu. Sikupi faraja ambayo mwenyewe sinayo.

Lakini ninachokijua nitakupa, kwa kuwa kilitugharimu mtu. Mwanangu, ubatizo si dawa ya kunywa kisha ukasubiri nafuu. Ni kuzaliwa. Umezaliwa Pasaka ile, na huwezi kuzaliwa nusu, na hakuna ulevi utakaokurudisha usiwe umezaliwa. Mungu hakutazama ni sehemu gani yako iliyobaki nje ya maji. Unasema wewe ni yuleyule. Ndiyo, kichanga nacho hutoka na pua ya baba yake na hasira za mama yake, hajui kula, hajui kutembea, anajichafua, na hakuna anayesema huyu hakuzaliwa. Upya ulioupata ni wa kulelewa, na malezi ni marefu, yanachosha, mengine hayaishi mpaka kaburini. Ukianguka, umeanguka ukiwa mtoto wa nyumba.

Na hili ndilo ninalokusihi kwa machozi. Usingoje kuwa sawa ndipo urudi. Hakuna mtu aliyewahi kuwa mpya akiwa nje peke yake. Njoo na harufu ya pombe yako, njoo na aibu yako, njoo ukiwa huamini. Wakikutazama vibaya kanisani, kaa kiti cha kwangu, mimi nitawatazama wao. Jumatatu njoo ule, na Jumanne, na jioni zile mwili unapokudai njoo ukae nami hata tusipoongea lolote. Nami sitakusimamisha mbele ya mtu yeyote utoe ushuhuda. Nilikusimamia majini, nikakaa kimya barazani. Sitanyamaza mara ya pili.

Mungu aliyekutoa majini asikuache ukatembea peke yako kurudi nchi kavu. Akupe wa kukupokea, akupe na wewe wa kumpokea. Mguu wako ukichomwa, apatikane wa kuutoa mwiba. Na popote alipo kaka yangu Luka usiku wa leo, chini ya paa au chini ya udongo, ayasikie haya kama na yeye ameambiwa. Mlango wa nyumba hii haufungwi komeo tangu baba afe, majirani wote wanajua na wananigombeza. Usipige hodi, mwanangu. Sukuma tu, uingie.